Majini Hakuna Rekodi

Kwenye jimu ninayoenda kuna mashine moja imewekwa pembeni, karibu na choo, na hakuna mtu huigusa. Watu wanapigania benchi, wanapigania vyuma, wanapigania kioo cha kujipiga picha. Ile mashine ya kuvuta makasia inabaki pale na vumbi lake. Sasa mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, yule wa kushindana hata kwa kumaliza chapati, akaniambia: "Buda, mita mia tano. Wewe kwanza, halafu mimi. Atakayeshindwa analipa mutura."

Nikavuta. Kioo kikasoma 2:14. Yeye akavuta, akatoa 2:09. Wote wawili tukaanguka sakafuni tukihema kama samaki waliotolewa ziwani. Nikalipa mutura, lakini moyo haukukubali. Njiani nikaanza: "Wewe uliweka kile kidude cha pembeni kwenye 10, mimi nilikuwa kwenye 4. Hiyo si haki, bana." Tukabishana hadi steji.

Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta nani alikuwa na haki. Jibu nilipata, na halikunifurahisha, nitakupa mbele. Lakini nikagundua kitu kikubwa zaidi: kuna mchezo mzima ambao kwa karibu miaka mia mbili umekuwa ukibishana kuhusu swali hilo letu la mutura. Hii nambari ninayoiona ni nguvu yangu, au ni bahati ya maji na upepo?

Hebu tuanze na kitu ambacho kila Mkenya anakielewa: mbio za marathoni.

Aprili 2011, Geoffrey Mutai alishinda Boston kwa saa 2:03:02. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia marathoni kwa kasi hiyo. Lakini haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Kwa nini? Kwa sababu njia ya Boston inaanzia mahali pamoja na kuishia mbali sana na hapo, tena inashuka kuliko kanuni zinavyoruhusu, na siku hiyo upepo ulikuwa ukiwasukuma wakimbiaji mgongoni. Miezi mitano baadaye Patrick Makau akakimbia Berlin kwa 2:03:38. Ni sekunde 36 zaidi ya Mutai, na hiyo ndiyo ikawa rekodi ya dunia. Wakenya wawili, na yule wa polepole ndiye akaingia kwenye kitabu. Kelele zilizopigwa wakati ule wazee wetu bado wanazikumbuka.

Sasa chukua mzozo wa Boston uuweke kwenye kila shindano, kila wiki, kila mwaka. Huo ndio mchezo wa makasia. Kila mahali pa kushindania ni Boston. Maji hayalali sawa siku mbili mfululizo. Upepo ukikupiga mgongoni, unaruka. Ukikupiga usoni, ule upepo ambao watu wa pwani huuita mbisho, unavuta hadi roho inataka kutoka na boti inakwenda kama imefungwa jiwe. Ndiyo maana shirikisho la dunia la mchezo huu, World Rowing, ambalo lilianzishwa mwaka 1892, halisemi "rekodi ya dunia". Linasema "muda bora wa dunia". Maneno mawili tofauti kabisa. Rekodi inasema: huyu ndiye mwenye kasi kuliko wote. Muda bora unasema: huu ndio muda mdogo zaidi tuliowahi kuona, na siku hiyo hatukuwepo peke yetu, upepo nao ulikuwepo.

Unadhani ni maneno tu? Angalia Olaf Tufte wa Norwe. Mwaka 2004 kwenye Olimpiki ya Athens alishinda dhahabu ya boti ya mtu mmoja, mita 2,000, kwa dakika 6:49.30. Miaka minne baadaye, Beijing, akashinda dhahabu hiyo hiyo kwa 6:59.83. Mtu yule yule, umbali ule ule, dhahabu ile ile, na sekunde kumi zaidi. Je, alikuwa amezorota? Kama alizorota, basi dunia nzima ilizorota naye, kwa sababu hakuna aliyempita. Halafu nenda Poznań, Poland, Juni 2017. Kwenye mashindano yale yale, Robbie Manson wa New Zealand akatoa 6:30.74 kwenye boti ya mtu mmoja, na Wajerumani wanane wakatoa 5:18.68 kwenye boti kubwa. Zote mbili zikawa muda bora wa dunia. Wikendi moja, ziwa moja. Wale watu walikuwa wakali, hilo sibishi. Lakini upepo wa siku hizo nao ungestahili kuvishwa medali.

Na hii si habari ngeni kwetu. Manahodha wa majahazi wa pwani yetu walipanga maisha yao yote kwa kaskazi na kusi. Kaskazi inakuleta kutoka Uarabuni, kusi inakurudisha. Hakuna nahodha aliyejigamba kwamba amefika Mombasa haraka bila kusema alikuja na upepo gani. Mabaharia wa Ulaya nao walikuwa na njia yao ya kupima mwendo: walitupa ubao majini nyuma ya meli, ubao umefungwa kamba, na kamba ina mafundo kwa umbali uliopimwa. Mchanga ukishuka kwenye chupa ya kioo, wanahesabu mafundo mangapi yamepita mkononi. Ndiyo maana hadi leo mwendo wa meli unahesabiwa kwa noti, neno la Kiingereza la fundo la kamba. Lakini kumbuka ubao ule ulikuwa unaelea majini. Ulikuambia meli inapita majini kwa kasi gani. Kama maji yenyewe yalikuwa yakikurudisha nyuma, ubao haukusema kitu. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa twende Uingereza. Mwaka 1829 wanafunzi wa Oxford na Cambridge walishindana kwa mara ya kwanza kwa boti za watu wanane kwenye mto Thames. Tangu 1845 mbio hizo kwa kawaida zimekuwa zikifanyika London, kutoka Putney hadi Mortlake, karibu kilomita 6.8, na hupangwa wakati bahari inajaa ili maji yapande mtoni pamoja na boti. Yaani tangu mwanzo, maji ni mchezaji wa kumi. Cambridge waliweka muda wao wa ajabu wa 16:19 mwaka 1998, lakini ukitaka kuulinganisha na wa mwaka mwingine lazima kwanza uulize: maji siku hiyo yalijaa vipi?

Kwa hiyo hawakushindania saa. Walishindania pua ya boti ya mwenzako. Nani yuko mbele? Basi. Na hata hilo lilileta balaa mwaka 1877. Boti mbili zilifika Mortlake karibu sawa kabisa. Mwamuzi alikuwa mzee John Phelps, mtu wa mtoni aliyepita miaka sabini, na hapakuwa na nguzo za kuonyesha mstari wa kumalizia. Mzee alitazama kwa macho yake, akatangaza sare. Oxford wakawaka moto, wakisema wao walikuwa mbele. Hadi leo kuna hadithi za kumcheka mzee Phelps, ati alikuwa amelala, ati alikuwa amelewa. Mimi namtetea. Ulimpa mtu kazi ya kupima bila kumpa kipimo, halafu unamcheka? Baada ya hapo ndipo nguzo zikawekwa. Yaani mstari wenyewe wa kumalizia, kitu ambacho sisi tunakichukulia poa, ulizaliwa kutokana na fitina.

Kwenye mazoezi hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi hakuna boti ya pili pembeni. Kwa miaka mingi kocha alikuwa na vitu viwili tu: saa ya kubonyeza na macho. Anahesabu makasia yanaingia majini mara ngapi kwa dakika. Anaangalia boti imetoka daraja hili hadi mti ule kwa muda gani. Lakini mipigo mingi haimaanishi mwendo. Unaweza kupiga mara 40 kwa dakika ukiwa unachota maji tu kama mtu anayeosha masufuria. Wakali wanapiga mara chache, na kila mpigo unaipeleka boti mbali.

Hapa kuna siri ambayo ilinishangaza. Boti ya makasia haina kasi moja. Ndani ya mpigo mmoja tu inapunguza mwendo, inaongeza, inapunguza tena. Wapiga makasia wanakaa kwenye viti vinavyoteleza mbele na nyuma. Boti ya mtu mmoja inaruhusiwa kuwa na uzito wa kilo 14 tu, ile ya watu wanane kilo 96. Sasa weka watu wanane wa kilo 90 kila mmoja ndani ya kitu cha kilo 96. Nani anamsukuma nani? Watu wanapoteleza, boti inakimbia upande wa pili chini yao. Ndiyo maana boti huwa na kasi kubwa zaidi makasia yakiwa tayari yametoka majini, na huwa polepole zaidi pale tu makasia yanapoanza kushika maji. Macho yako yanakuambia "sasa wanavuta, sasa wanakimbia", na yanakudanganya. Kwa hiyo ukiuliza "boti inakwenda kasi gani?", jibu la kweli ni: sehemu gani ya mpigo?

Ili kupata jibu, watu walibandika pangaboi dogo chini ya boti, lina sumaku ndani. Maji yanalizungusha, na kifaa kilicho ndani ya boti kinahesabu mizunguko na kumwonyesha mpiga kasia mwendo wake papo hapo. Baadaye ikaja GPS, ile ile iliyo kwenye simu yako ikikuonyesha gari uliloliita liko wapi. Watu wakasema sasa tumemaliza, setilaiti haidanganyi.

Kumbuka ule ubao wa mabaharia. Pangaboi, kama ubao, linapima mwendo wako ndani ya maji. GPS inapima mwendo wako juu ya ardhi. Kwenye ziwa tulivu ni kitu kimoja. Kwenye mto ni vitu viwili. Tuseme unavuta kwa mita 4 kwa sekunde ndani ya maji. Maji yakiwa yamesimama, mita 500 zinakuchukua 2:05. Mto ukikubeba kwa nusu mita kwa sekunde, GPS itasema 1:51, na wewe utajiona bingwa. Geuza boti urudi, nguvu ile ile, GPS itasema 2:23. Utaenda nyumbani umenuna. Na ukidhani utajumlisha zote mbili ugawe kwa mbili upate ukweli, hapana: unapata 2:07, kwa sababu muda mrefu zaidi uliutumia ukipigana na mkondo. Nguvu yako haikubadilika hata kidogo. Swali ndilo lililobadilika.

Basi ukichoka na maji, si utoke majini? Wazo hilo ni la zamani kuliko unavyofikiri. Mwanahistoria Polybius anaeleza jinsi Warumi, walipojenga jeshi lao la majini kupigana na Carthage, karibu mwaka 260 kabla ya Kristo, walivyowakalisha watu kwenye mabenchi nchi kavu na kuwafundisha kuvuta makasia pamoja kabla ya meli kuwa tayari. Hiyo ndiyo babu wa mashine iliyo karibu na choo cha jimu yangu.

Mashine yenyewe tunayoijua leo ilitoka Marekani. Ndugu wawili, Dick na Pete Dreissigacker, waliokuwa wakitengeneza makasia katika jimbo la Vermont, walichukua gurudumu la baiskeli, wakaliwekea mapezi ya plastiki yanayokamata hewa, na mwaka 1981 wakaanza kuiuza. Ukivuta mnyororo, gurudumu linazunguka na hewa inalikataa. Ukivuta kwa nguvu zaidi, hewa inakataa zaidi. Hakuna wimbi, hakuna upepo, hakuna mkondo. Ni wewe tu.

Na hapa ndipo nilipopata jibu la mutura. Kile kidude cha pembeni, kutoka 1 hadi 10, kinaamua hewa kiasi gani iingie kwenye gurudumu. Lakini kompyuta ya mashine inaangalia gurudumu linapunguza mwendo kiasi gani kati ya mvuto mmoja na mwingine, halafu inafanya hesabu upya. 2:09 kwenye 10 na 2:09 kwenye 4 ni kazi ile ile. Jamaa yangu alishinda kwa haki. Nimesema, msinirudishie tena.

Mashine hiyo pia ilifichua jambo ambalo saa ilikuwa imelificha. Ili kuvuta mita 500 kwa dakika 2:00 unahitaji kama wati 203. Ili kuvuta kwa 1:40 unahitaji wati 350. Kasi imeongezeka asilimia 20, nguvu imeongezeka asilimia 73. Nguvu inapanda kwa mchemraba wa kasi: ukitaka kasi mara mbili, tafuta nguvu mara nane. Ndiyo maana sekunde tano zilizonitenganisha na rafiki yangu zilionekana ndogo kwenye kioo lakini mapafu yangu yalijua si ndogo. Sekunde hazina bei moja. Kushuka kutoka 2:14 hadi 2:09 ni jasho. Kushuka kutoka 1:45 hadi 1:40 ni kutapika.

Makocha wakafurahi. Hatimaye nambari safi! Sasa unaweza kumlinganisha kijana wa London na wa Sydney bila kuwasafirisha. Timu zikaanza kuchagua watu kwa jaribio la mita 2,000 kwenye mashine, na vijana wakaanza kukosa usingizi kabla ya siku hiyo kama sisi tulivyokosa kabla ya karatasi ya Hesabu. Lakini wapiga makasia wana msemo wao: mashine haielei. Mtu mzito mwenye miguu ya tembo anaweza kuiua mashine, halafu umweke kwenye boti, kila akivuta boti inazama kidogo zaidi, inayumba, na wenzake saba wanamlaani kimoyomoyo. Mashine ilikuwa imetoa upepo kwenye hesabu. Kwa bahati mbaya ilikuwa imetoa maji pia, na mchezo wenyewe unachezwa majini.

Sasa dawa ni nini? Mimi naona dawa bora kabisa ndiyo isiyo na umeme. Kocha anachukua boti mbili za watu wanne wanne, anazishindanisha dakika chache. Boti ya kwanza inashinda kwa mita 6. Anazisimamisha hapo hapo majini, anasema: wewe na wewe, badilishaneni viti. Wengine wote wabaki. Wanarudia. Sasa boti ya pili inashinda kwa mita 2. Pengo limehama kwa mita 8, na kitu kilichobadilika ni watu wawili tu. Mmoja ameondoa kitu boti ya kwanza na kukipeleka ya pili, kwa hiyo unagawa kwa mbili: yule jamaa ana thamani ya mita 4 kuliko mwenzake. Upepo? Uliwapiga wote. Mkondo? Uliwabeba wote. Hakuna aliyehitaji setilaiti.

Ni njia ya kikatili, sikatai. Unaambiwa mbele ya marafiki zako kwamba wewe ni mita 4 pungufu. Na ina mashimo yake: watu wanachoka, na watu wakipanga wanaweza kumvutia beste yao na kulala kwa asiyependwa. Lakini ni njia ya haki zaidi kuliko nambari tupu, kwa sababu inakupima na mwenzako kwenye hali moja. Makocha wanafanya hivyo hivyo wakitaka kulinganisha boti za aina tofauti siku moja: wanachukua muda bora wa kila aina na kuuliza kila boti imefikia asilimia ngapi. Wanane wakitoa 5:35 dhidi ya ule muda wa Wajerumani, wako kwenye asilimia 95. Kisha unaangalia boti zote za siku ile. Kama zote zimeshuka, lawama ni ya upepo. Kama moja tu ndiyo imeshuka, hiyo boti ina maswali ya kujibu.

Lakini kuna swali moja ambalo hakuna kifaa kinaweza kulijibu: nani anaruhusiwa kupimwa?

Mwaka 1927 wanawake wa Oxford na Cambridge walishindana kwa mara ya kwanza. Unajua walishindana vipi? Boti zao hazikuruhusiwa kuwa mtoni pamoja. Kila moja ilipita peke yake, na majaji wakatoa alama kwa muda na kwa mtindo. Mtindo! Yaani wanaume wanaulizwa nani amefika kwanza, wanawake wanaulizwa nani amependeza. Wanawake waliingia Olimpiki kwenye makasia mwaka 1976 pale Montreal, na wakapewa mita 1,000, nusu ya wanaume. Hawakupata mita 2,000 za Olimpiki hadi Seoul 1988. Na mbio zao za Oxford na Cambridge hazikuhamia njia ile ile ya Putney hadi Mortlake, siku moja na wanaume, hadi 2015. Fikiria mabinti waliovuta maisha yao yote kati ya miaka hiyo. Huwezi kuwaweka kwenye orodha yoyote ya kulinganisha. Hawakuwa polepole. Hawakupewa mstari.

Halafu kuna Hamadou Djibo Issaka. London 2012. Mtu wa Niger, nchi ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa. Alipewa nafasi ya mwaliko, na alikuwa amejifunza kuvuta makasia miezi mitatu tu kabla ya Olimpiki. Kwenye mbio zake za kwanza alimaliza kwa 8:25.56, zaidi ya dakika moja na nusu baada ya mshindi. Mashabiki ufukweni walisimama kumshangilia, lakini mitandao ilimpa jina la kumlinganisha na mnyama mvivu kuliko wote duniani. Watu walikuwa na uchungu pia: kuna mabingwa wamebaki nyumbani, kwa nini huyu?

Sasa wewe piga hesabu na mimi. 8:25.56 kwa mita 2,000. Gawa kwa nne. Ni karibu 2:06 kwa kila mita 500. Rafiki yangu, bingwa wa mutura, alitoa 2:09 mara moja tu, kwenye mashine iliyofungwa sakafuni, kisha akalala chali dakika kumi. Huyu "mvivu" alitoa 2:06 mara nne mfululizo, ndani ya boti nyembamba ambayo ukipiga chafya vibaya inapinduka, baada ya miezi mitatu ya kujifunza. Wale waliomcheka kwenye simu zao, wengi wao wasingemaliza mita 100 bila kuogelea.

Simaanishi kwamba alistahili medali. Alikuwa wa mwisho na saa haikukosea. Ninachosema ni kwamba saa ilijibu swali moja, "nani wa kwanza?", na watu wakaitumia kujibu lingine kabisa: "huyu mtu ana thamani gani?" Saa haikuulizwa hilo. Hilo tunaliuliza sisi, halafu tunajificha nyuma ya nambari.

Na hata swali la kwanza, wakati mwingine saa hulishindwa. Rio 2016. Siku ya kwanza ya makasia boti ya Serbia ilipinduka kwa mawimbi, siku ya pili mbio zote zikaahirishwa kwa sababu ya upepo. Fainali ya mtu mmoja ilipofika, Mahé Drysdale wa New Zealand na Damir Martin wa Croatia wakafika pamoja. Saa ikasoma 6:41.34 kwa Drysdale. Ikasoma 6:41.34 kwa Martin. Mita 2,000, na hata sehemu moja ya mia ya sekunde haikuwatenganisha. Kwa mwendo ule, sehemu moja ya mia ni kama sentimita 5 tu. Kamera ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyotazamwa, ikaonyesha kile kijimpira cheupe kilicho kwenye pua ya boti ya Drysdale kimetangulia kwa unywele. Akapewa dhahabu.

Miaka 139 baada ya mzee Phelps, baada ya pangaboi na setilaiti na kompyuta zote, mchezo ulirudi kwenye swali lake la kwanza. Pua ya nani iko mbele? Tofauti ni kwamba safari hii jicho lilikuwa limepewa kipimo.

Hiyo ndiyo sababu naupenda mchezo huu ambao sijawahi kuucheza majini hata siku moja. Si kwamba hawana nambari. Wana nambari kuliko sisi wote. Lakini wamekataa kuziamini bila kuuliza maswali: upepo ulitoka wapi, maji yalikuwa yakienda wapi, ulipimwa na nani, mlikuwa kwenye maji yale yale? Sisi huku tunapokea alama ya mtihani ya mtoi wa shule isiyo na maabara, tunaiweka kando ya alama ya mtoi wa shule yenye kila kitu, na tunatangaza nani ana akili. Tunaiita rekodi. Mpiga kasia angeiita muda bora, halafu angeuliza kuhusu upepo.

Jumamosi narudi jimu. Tumekubaliana: mashine moja, kidude kwenye 4 kwa wote wawili, yeye avute kwanza, na hakuna mtu kula saa moja kabla. Nikishindwa tena, sitakuwa na wa kumlaumu. Na mutura nitalipa, hata mbili.